Tumehama Ohio, chaneli za mji zimebaki Ohio

Shikamoo Shangazi,

Ninaandika kutoka Kansas, Marekani, mji mdogo ulio kaunti ya Butler, mashariki ya Wichita. Mimi ni Mtanzania, nina mume na watoto wawili, na mama mkwe anaishi nasi. Tulikaa Columbus, Ohio, miaka mingi. Majira haya ya kuchipua tumehamia huku kwa sababu kampuni ya malori anayoendeshea mume wangu imempa safari zinazoanzia Wichita. Mimi nimepata kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo usiku mwingi mama ndiye anayebaki na watoto.

Shida yetu ni televisheni, lakini naomba usiione ndogo. Tulihama na dishi letu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alilifungua kule Columbus akaja kulifunga hapa uani. Alihangaika nalo kutwa nzima mpaka picha ikatoka. Chaneli za nchi nzima zinashika vizuri: za habari, za sinema, za katuni. Chaneli za mji, yaani 4, 6 na 10 za Columbus, ni giza tupu, king'amuzi kinaandika kwamba kinatafuta mawimbi. Kampuni ya dishi hatujaiambia kwamba tumehama. Shemeji anasema tukisema tu, watatuondolea Columbus, watatupa chaneli za Wichita ambazo hatuzijui, halafu watatufunga na mkataba mpya. Yeye ana mechi zake za Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani ya Ohio. Anashikilia kwamba dishi limekaa upande kidogo, na siku akipata nafasi atalinyoosha.

Mama naye amenyong'onyea. Tangu aje kutoka Moshi, taarifa ya habari ya jioni ya Columbus ndiyo iliyomfundisha ule mji. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, lakini watangazaji wale aliwajua kwa sura, akajua nani amejifungua na nani amestaafu. Sasa anakaa mbele ya TV bila kuuliza chochote.

Kilichonifanya nikuandikie ni usiku mmoja nilipokuwa kazini na mume wangu yuko barabarani Nebraska. King'ora cha mji kikalia. Mama akawasha TV ajue kuna nini. Akakuta filamu, akabadilisha akakuta habari za Washington, akabadilisha tena akakuta mapishi. Hakuna aliyetaja mahali tulipo. Hakujua kama ni moto, vita au kimbunga. Akawakumbatia watoto kitandani mpaka kelele zikaisha. Kimbunga hakikufika kwetu, namshukuru Mungu, ila nilipoingia asubuhi nikamkuta hajalala na macho yamevimba. Nikamwambia shemeji tuiambie kampuni ukweli. Akasema nakuza mambo. Mume wangu hataki kukwaruzana na mdogo wake.

Kuna na lingine. Mume wangu ana dishi dogo kwenye lori, lenye akaunti yake, na linaonyesha chaneli za New York popote aendapo. Shemeji anapendekeza king'amuzi cha lori kiletwe sebuleni, tumalize habari. Na mwenye nyumba, maana tumepanga, alishasema hataki vyuma juu ya paa lake.

Je, ipo njia ya kubaki na Columbus? Tukisema ukweli tutapoteza nini? Na niseme vipi na watu wangu bila kuivuruga nyumba?

Mke wa Dereva, Kansas

*

Marahaba mwanangu.

Pole sana kwa usiku ule, na umfikishie mama pole zangu. Mtu mzima kukaa gizani na wajukuu, king'ora kinalia, na asipate hata sauti moja ya kumwambia afanye nini! Siwezi kuliita hilo dogo, na wewe usikubali liitwe hivyo.

Mambo mawili yafanyike kabla ya kikao chochote cha familia. Ukitoka zamu, piga simu kwa kampuni ya dishi uwape anwani ya nyumba mnayoishi sasa. Na wiki hii hii mnunue antena ya kawaida ya televisheni. Nitakayoyasema baada ya hapa ni sababu zake na namna ya kuyafanya.

Shemeji yako amejitahidi, kupata picha kwa mkono bila mashine ya kupimia si kazi ndogo. Lakini anachokitafuta hakipo angani hapo Kansas. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka chini. Chaneli za nchi nzima hutumwa kwa mwale mpana unaofunika Marekani bara yote, ndiyo maana filamu zinashika Butler kama zilivyoshika Columbus. Stesheni za miji ni nyingi mno, zinapita elfu moja, na kila moja ikipewa mwale mpana masafa hayatoshi. Kwa hiyo hutumwa kwa miale myembamba, kama kurunzi inayomulika kona moja ya chumba, na masafa yaleyale hutumika tena kwa mji mwingine ulio mbali. DirecTV, mojawapo ya kampuni za dishi, walianza kufanya hivyo na setilaiti yao ya DirecTV 4S, iliyorushwa Novemba 2001. Mwale unaobeba 4, 6 na 10 za Columbus unaangukia Ohio na majirani zake. Ninyi mko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka huko. Dishi linyooshwe lisinyooshwe, mwale huo hautawafikia.

Tena dishi lenyewe huenda halijakaa sawa hata kwa chaneli za Wichita. Chukua setilaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 101 magharibi: ukiwa Columbus unaielekea kwenye nyuzi kama 207 za dira, yaani kusini-magharibi, na dishi limeinuka nyuzi 40 hivi. Ukiwa Wichita unaielekea kwenye 186, karibu kusini kamili, na dishi linainuka hadi 46. Chaneli za mji zinaweza pia kutoka setilaiti nyingine kabisa, si ile inayowapa sinema. DirecTV hutumia za nyuzi 99, 101 na 103. DISH, kampuni nyingine ya dishi, wana makundi mawili ya setilaiti, la mashariki na la magharibi, na mtu aliyetoka Ohio akaenda Kansas anaweza kuhamishwa kutoka kundi hili kwenda lile. Mwacheni fundi wa kampuni aje na kipimo chake. Shemeji asimame naye, ataondoka na ujuzi.

Sasa sheria, maana naona nyumbani mnadhani kampuni inawanyima kwa ukaidi. Marekani imegawanywa katika masoko 210 ya televisheni yaliyochorwa na Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, na kila kaunti imepewa soko lake. Butler iko soko la Wichita na Hutchinson, soko pana linalomeza sehemu kubwa ya magharibi ya Kansas. Kampuni za setilaiti zilipata ruhusa ya kuwarushia watu stesheni za mji wao kwa sheria ya Novemba 1999, na ruhusa hiyo imefungwa kwenye soko la mahali unapoishi. Kumpa mtu chaneli za mitandao mikubwa ya televisheni (NBC, ABC, CBS, Fox) za mji wa mbali ni jambo jingine, limebanwa tangu zamani. Mwaka 2006 mahakama ya shirikisho huko Florida iliiamuru EchoStar, waliokuwa wakiendesha DISH, waache kuuza chaneli za mbali, kwa sababu walikuwa wakiwapa watu wasiostahili. Kampuni iliyoona hayo haiwezi kufumba macho ikijua mmehama.

Anwani ya bili inaweza kuwa popote, hata sanduku la posta. Anwani ya huduma lazima iwe paa mnalolala chini yake. Kuificha hakujawaletea Columbus, kumewanyima Wichita tu. Mnalipa kila mwezi chaneli ambazo haziwezi kufika.

Mkisema ukweli mtapata nini? KSNW ya NBC namba 3, KAKE ya ABC namba 10, KWCH ya CBS namba 12, KSAS ya Fox namba 24, na KPTS namba 8, ya umma, ambayo watoto watapata vipindi vyao. Vipindi vya usiku vya mitandao mikubwa ni vilevile mlivyovizoea, ila Kansas iko nyuma ya Ohio kwa saa moja: vilivyoanza saa mbili usiku huanza saa moja, na habari za mwisho ni saa nne badala ya saa tano. Mwambie mama mapema, asije akadhani vimefutwa.

Mtakachopoteza ni mechi za Browns za Jumapili. Huko mliko CBS na Fox zitaonyesha zaidi Kansas City Chiefs. Simlaumu shemeji kwa kupenda timu yake, timu ya mtu ni sehemu ya mahali alipokulia. Njia halali ni NFL Sunday Ticket, kifurushi cha mechi za Jumapili za miji mingine, iliyokuwa kwa DirecTV tangu 1994 hadi 2022 na sasa inauzwa na YouTube. Ni ya gharama, na kwa kuwa anayeitaka ni yeye, ni haki ailipie yeye.

Kuhusu mkataba mpya, hofu yake ina msingi. Kabla ya kukubali chochote kwenye simu uliza: fundi wa kuhamisha analipwa kiasi gani, mkataba wa sasa unaendelea au unaanza upya, na tukiamua kukatisha kabla ya muda tunadaiwa nini? Waombe wakuandikie majibu kwa barua pepe kabla fundi hajaja. Wengi hukubali "uhamisho wa bure" kwenye simu, kumbe wamejifunga miaka miwili.

Nije kwenye antena, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize wote. Mawimbi ya setilaiti hunyongwa na mvua kubwa. Wingu zito la radi likisimama kati ya dishi na kusini, picha inakatika, na wingu hilo ndilo mara nyingi lililobeba kimbunga. Kwa hiyo hata fundi akimaliza kazi yake vizuri, usiku wa hatari dishi linaweza kuwaacha. Antena hupokea moja kwa moja kutoka mnara wa stesheni, na mvua haiisumbui hivyo. Haina malipo ya kila mwezi wala mkataba. TV yoyote iliyoingia Marekani baada ya 1 Machi 2007 ina kipokezi cha dijitali ndani, kwa hiyo hamhitaji kisanduku. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ina ramani ya mapokezi kwenye tovuti yake: andika anwani yenu, itawaonyesha minara iko upande gani, mawimbi yana nguvu kiasi gani, na kama stesheni inarusha VHF au UHF, yaani masafa ya chini au ya juu. Liangalieni hilo kabla ya kununua, maana vile vibao vyembamba vya kubandika dirishani vingi ni dhaifu kwenye VHF. Mkishaiunganisha, TV itafute chaneli upya kwenye menyu.

Antena itawasaidia hata siku ambayo si ya mvua. Stesheni na kampuni za dishi hugombania malipo ya kurusha tena, na wakishindwana stesheni hutolewa kwenye dishi kwa siku au miezi. Mwenye antena haoni tofauti.

Kaunti mliyohamia ina historia, na haifai muishi humo bila kuijua. Tarehe 26 Aprili 1991 kimbunga cha tonado cha daraja la juu kabisa kilipita Andover, ndani ya Butler hiyo hiyo, kikaua watu na kufagia nyumba kwa mamia. Tarehe 29 Aprili 2022 kingine kikaupiga mji huohuo, na safari hii hakuna aliyeuawa nacho. Greensburg, mji ulio magharibi ya Wichita, ulifutwa karibu wote tarehe 4 Mei 2007. Watangazaji wa hali ya hewa wa Wichita wamekulia kwenye mambo haya. Hali ikichafuka huacha vipindi vyote, wakasimama mbele ya ramani wakitaja kaunti kwa kaunti, barabara kwa barabara, na dakika ambayo kimbunga kitafika. Columbus hawatataja barabara yenu kamwe, hata kama mwale wao ungewafikia.

Mama hahitaji Kiingereza kingi kwa hilo. Keti naye mchana mmoja mbele ya ramani ya Kansas, mwonyeshe umbo la Butler na jina lake lilivyoandikwa, na mwonyeshe nyumba yenu iko pembe ipi. Stesheni nyingi huchora onyo la kimbunga kwa rangi nyekundu. Akiiona nyekundu imeifunika Butler, au king'ora kikilia, asisubiri kuelewa maneno: ashuke besimenti, chumba kilicho chini ya nyumba, na watoto. Kama nyumba haina besimenti, waingie chumba cha katikati kisicho na dirisha, chooni au kwenye kabati kubwa la ukutani, ghorofa ya chini. Mfanye zoezi hilo na watoto mara moja mkiwa mmetulia, nao watamkumbusha bibi yao. Mnunulie pia redio ya hali ya hewa ya NOAA, shirika la serikali la bahari na anga, yenye betri, inayowekwa msimbo wa kaunti ili ilie kwa ajili ya Butler tu, na hakikisha tahadhari za dharura hazijazimwa kwenye simu yake. Tahadhari hizo hufuata mahali simu ilipo, hata namba ikiwa bado ya Ohio. Kaunti nyingi hujaribu ving'ora kwa siku na saa maalumu, basi ulizeni ya kwenu mama asishtuke bure.

King'amuzi cha lori kibaki kwenye lori. Sheria ya mwisho wa 2019 ilifunga mlango wa chaneli za mbali kwa karibu kila mtu, ikawaachia wachache, wakiwemo wenye malori ya biashara na magari ya kulala safarini. Kuipata ruhusa hiyo, anayeendesha lori hutoa nakala ya usajili wa gari na leseni yake ya udereva wa biashara, na husaini tamko kwamba dishi limefungwa kwenye gari kwa kudumu na halitatumika kwenye nyumba ya kuishi. Jina lililo kwenye karatasi hiyo ni la mumeo, si la shemeji. Leseni hiyo ndiyo inayowalisha wote, isichanganywe na mambo ya sebuleni. Isitoshe, New York nayo haitawaambia kimbunga kiko wapi Butler.

Mwenye nyumba ana haki yake na ninyi mna yenu. Kanuni ya FCC ya 1996, iliyopanuliwa 1999 iwafikie wapangaji, inamkataza kuwazuia kuweka dishi lisilozidi mita moja, au antena ya kupokea stesheni za karibu, mahali ambapo ninyi peke yenu mna matumizi yake: baraza lenu, uwanja wa nyumba mliyopanga peke yenu. Haiwapi ruhusa ya kutoboa ukuta wake wala kupanda paa asilotaka. Basi simikeni nguzo uani, na antena iwe juu ya nguzo au ndani ya dari ikiwa ishara inatosha. Mwendeeni kwa heshima, mwelezeni mnachotaka kufanya, na mwonyesheni kwamba paa lake hamligusi.

Sasa watu wako. Usimkabili shemeji mwenyewe. Hiyo ni kazi ya kaka yake, na mumeo asiikimbie kwa kupenda amani, kwa sababu amani anayoilinda hivi sasa anaigharamia mama yake. Akirudi safari msomee barua hii, kisha umwambie kwa utulivu lile uliloniambia mimi, kwamba ulimkuta mama hajalala. Aongee na mdogo wake wakiwa wawili, si mezani mbele ya watoto. Asimwambie alikosea. Amwambie kwamba mwale wa Ohio haufiki, kwamba kuna kazi ya nguzo na antena inayohitaji mkono wake, na kwamba hiyo ndiyo itakayomlinda mama. Kijana aliyelifungua dishi Ohio na kulifunga tena Kansas kwa mikono yake anapenda familia yake. Mpeni kazi inayofika mahali.

Na mama asinyang'anywe Columbus yake ghafla. Stesheni nyingi za Marekani hurusha taarifa zao za habari bure kwenye tovuti na programu zao, na huhitaji kuishi mjini humo kuzitazama. Jioni moja mfungulie 10TV ya Columbus, yaani WBNS, kwenye simu au TV yenye intaneti, awaone watu wake. Usiku wa mawingu, TV ya sebuleni iwe Wichita.

Wakikutumia mkataba na ukaona kifungu kinachosema muda unaanza upya, usisaini siku hiyo. Nakili kifungu hicho unitumie, tukisome pamoja kwanza.

Shangazi yako